Matumba Manene

Szczawnica, 9 Oktoba 1986

Wifi yangu Bogna,

Nimefika salama. Wamenipa kitanda cha karibu na dirisha, na mama wa kitanda cha kushoto anakoroma kumshinda marehemu kaka yako, jambo ambalo nilidhani haliwezekani. Daktari amekisikiliza kifua changu mbele na nyuma, akasema nitakaa hapa milimani, nikinywa maji yao ya chumvi ya kutibu kifua, mpaka baridi iishe. Nikamwambia nina bustani kwenye uwanja wa chama, Tarnów. Akasema bustani itasubiri. Huyo hajawahi kuwa na bustani.

Sasa nisikilize, na usiisome barua hii mbiombio kama unavyosoma magazeti. Majani yakishapukutika yote, vipogoe vile vichaka vinane vya karanti nyeusi, zile punje zetu za jamu, vya marehemu Walenty wangu, vilivyo kando ya uzio wa Mzee Eustachy. Tafuta matawi mazee, yale yenye gome jeusi lililopasukapasuka, uyakate chini kabisa, usiache visiki. Karanti nyeusi huzaa kwenye tawi changa. Tawi la miaka minne linakula tu, halilipi. Zile nyekundu usiziguse, maana zenyewe huzaa kwenye tawi zee, na mwaka ule ulipojitia kunisaidia ukazinyoa zote tulikaa misimu miwili bila jeli.

Matawi utakayokata uyachome moto. Yote, siku hiyo hiyo, hapo hapo. Usimpe mtu hata kijiti kimoja cha kupanda. Watakuja kuomba, nawajua, kila mtu pale anazitamani karanti za Walenty. Waambie Leokadia amekataa. Wakisema nina choyo, waache waseme.

Wako,
Leokadia

*

Tarnów, 2 Novemba 1986

Wifi mpendwa,

Jana tulikuwa makaburini. Nimemwashia kaka mishumaa minne, miwili yangu na miwili yako. Upepo ulizima yako, usiniulize kwa nini. Nikaiwasha tena.

Kupogoa nimemaliza wiki iliyopita. Mgongo unaniuma mpaka leo, ahsante. Nilikata yale meusi yaliyopasuka, chini kabisa, nikabakiza machanga manane au tisa kila kichaka. Nyekundu nilizipita mbali kama mtu anayedaiwa. Umefurahi?

Ila wifi, ulinitia aibu. Mzee Eustachy alisimama upande wake wa uzio, mikono mfukoni, na ile kofia yake ya reli ambayo hajaivua tangu astaafu. Akaniuliza, "Bogna, hayo yote unayachoma?" Nikamwambia ndiyo. "Hata yale machanga yaliyokatika kwa bahati mbaya?" Nikamwambia hata hayo. Akasema, "Walenty aliniahidi miche, kabla hajafa." Sikujua niweke wapi uso. Huyu ndiye aliyebeba jeneza la kaka yangu! Na mimi nimesimama na mkasi mkononi namnyima vijiti.

Basi, moto niliwasha. Moshi ulifika mpaka relini. Zaidi ya hapo sina la kueleza.

Kula vizuri. Usigombane na manesi.

Bogna

*

Szczawnica, 14 Desemba 1986

Wifi,

Umeniandikia kwamba moto uliwasha. Hujaniandikia kwamba matawi yaliungua yote. Nimeolewa kwenu miaka thelathini na moja, najua watu wa ukoo wenu wanavyosema kweli nusu.

Nijibu kwa neno moja. Uliyachoma yote?

Leokadia

*

Tarnów, 8 Machi 1987

Wifi yangu, wifi yangu wa dhahabu,

Najua sikukujibu. Kadi ya Krismasi nilijaza habari za samaki na theluji makusudi, ili nisifike kwenye swali lako. Leo nitakujibu, kwa sababu leo nina habari ambayo itakufanya unisamehe kabla hujamaliza kukunja uso.

Nimetoka bustanini sasa hivi. Theluji imebaki kwenye kivuli cha kibanda tu. Nilikwenda kuvimwagia vichaka maji ya moto, kama kaka alivyokuwa akifanya kila Machi kabla havijaamka. Nimechemsha kwenye jiko la kibandani, nikatia kwenye ndoo ya kumwagilia, nikaanza kichaka cha kwanza. Na hapo ndipo nilipoona matumba. Leokadia! Sijawahi kuona matumba ya namna ile kwenye karanti. Manene, ya mviringo, yamejaa kama njegere, mengine yamekaa matatu matatu kwenye tawi moja. Nilicheka peke yangu. Tulipogoa vizuri! Mwaka huu tutavuna mpaka ndoo zikose, na jamu tutawapelekea hata watu tusiowapenda.

Sasa lile jibu. Sikuyachoma yote. Yale mazee niliyachoma, lakini machanga niliyakata vipande vya shubiri moja na nusu, nikavifunga mafungu, nikawagawia watu. Watu kumi na mmoja. Nilisema umewapa wewe, kwa roho yako nzuri, ndiyo maana wote wananiambia nikusalimie na wewe hujui salamu zinatoka wapi. Mzee Eustachy nilimpa fungu kubwa kuliko wote. Alivua kofia, wifi. Aliving'oa hata vile vichaka vyake sita vya zamani, vile alivyopanda marehemu Kunegunda mkewe, akapanda miche ya kwetu mahali pake. Alisema vya Kunegunda vilikuwa bado vinazaa, ila punje ndogo, na Kunegunda mwenyewe alikuwa akizitamani za Walenty.

Na huko kwao pia matumba ni manene, nimeyaona kwenye miche ile ile midogo. Kila mtu anakusifu. Basi kasirika siku moja, halafu furahi.

Bogna wako

*

Szczawnica, 12 Machi 1987

Bogna,

Usimwage maji tena. Usicheke tena. Keti chini usome.

Tumba zima la karanti ni jembamba na lina ncha. Lile nene la mviringo ni bovu. Ndani yake hakuna jani wala ua, ndani yake mna utitiri, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu kwenye tumba moja. Halitafunguka. Litakauka hapo hapo, na wadudu watatoka vichaka vikianza kuchanua na kuhamia vingine, na huacha ugonjwa ambao hauna dawa. Kichaka kinatoa majani vizuri, kinachanua vizuri, na hakizai kitu. Kinabaki tasa mpaka kife.

Nenda kesho asubuhi. Chuma kila tumba nene kwenye vichaka vyetu, moja moja, kwa vidole, utie kwenye mfuko uliofungwa, uchome nyumbani. Usichome bustanini, wataona. Halafu nenda kwa hao watu kumi na mmoja. Sema umekuja kuangalia miche inavyoendelea, ujifanye unaisafisha. Chuma na huko. Ukiulizwa, sema tunapunguza matumba ili punje ziwe kubwa. Hawajui, wataamini.

Na usimwambie mtu neno. Hasa Bwana Halemba. Tangu achaguliwe mwenyekiti wa chama analala na kitabu cha kanuni chini ya mto.

Choma barua hii.

L.

*

Tarnów, 18 Machi 1987

Leokadia,

Sijaichoma. Nimeiweka mezani pamoja na ile ya Oktoba, nazisoma kwa zamu tangu juzi.

Nimechuma, vichaka vinane, siku mbili, vidole vimekufa ganzi. Nimejaza mfuko wa unga. Nilipasua moja kwa ukucha na kweli ndani mlikuwa na kitu kama vumbi lenye mafuta.

Lakini kuna jambo. Oktoba hakukuwa na tumba lolote la kuonekana, na wewe ulikuwa kitandani milimani. Ukaniandikia nichome yote, siku hiyo hiyo, nisimpe mtu hata kijiti. Mimi mjinga nikadhani ni choyo, nikaona haya kwa niaba yako, nikaenda kulisafisha jina lako kwa majirani. Ulikuwa unajua. Ulijua mwaka mzima, pengine zaidi. Ungeniandikia neno moja tu, "vinaumwa", ningechoma hata mkasi.

Kwa nini hukuniambia, wifi? Mimi ni dada yake Walenty. Si mtu wa kupita njia.

Kwa majirani sitakwenda kuchuma kwa wizi. Tumba moja likibaki ni kazi bure, umesema mwenyewe ni maelfu. Mkutano wa mwaka wa chama ni Jumapili tarehe 5 Aprili, saa nne asubuhi. Watu wote watakuwepo. Kabla ya hapo nataka ujibu.

Bogna

*

Szczawnica, 24 Machi 1987

Bogna,

Sawa. Niliona ya kwanza Machi ya mwaka juzi, mwezi mmoja baada ya mazishi. Yalikuwa matumba saba, kwenye kichaka cha pembeni. Walenty angeking'oa siku hiyo hiyo na kwenda kuwaambia wote, najua, usinikumbushe. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimetoka kugawa nguo zake. Nikachuma yale saba nikayatia mfukoni mwa aproni. Mwaka jana yalikuwa zaidi ya mia mbili. Nilikwenda kila asubuhi, nikachuma na kukohoa, nikachuma na kukohoa. Nilijiambia nikiwa mwangalifu vitapona. Na kidogo vilizaa, si ulikula?

Nilikuwa sitaki kukuambia kwa sababu ungenitazama kama unavyonitazama sasa, hata kwenye karatasi naona.

Kanuni unaijua. Mwenye kichaka kinachoumwa anatoa taarifa na kung'oa. Asiyetoa ananyang'anywa bustani. Pale ni mita ishirini kwa kumi na tano, Bogna, na ndipo mahali pekee ambapo sijisikii mjane. Nyumbani najisikia, kanisani najisikia. Pale nashika jembe na yeye ni kama amekwenda kuchota maji.

Ninakuomba jambo, na ninajua ni kubwa. Simama kwenye mkutano useme ni wewe. Useme uligawa bila kujua, jambo ambalo ni kweli, na kwamba mimi sikujua, jambo ambalo nani ataliuliza? Wewe wanakupenda. Watapiga kelele nusu saa, halafu mtu atakuletea keki. Mimi hawatanisamehe.

Nisaidie, wifi.

Leokadia

*

Tarnów, 29 Machi 1987

Leokadia,

Nilikwenda kwa Mzee Eustachy jana. Nilikuwa nimekusudia kumwambia yeye kwanza, peke yake. Ameizungushia miche ile wavu wa kuzuia sungura. Amechonga vibao sita vya mbao na kuandika juu yake "Karanti za Walenty", kwa ule mwandiko wake wa stesheni. Akaniinamisha nione matumba. "Angalia, Bogna, angalia yalivyonenepa." Alinikatia keki aliyooka mwenyewe, mbichi katikati, nikaila yote. Aliniuliza kifua chako kinaendeleaje. Alinipa chupa ya asali nikutumie. Sikusema kitu. Nimerudi nyumbani na chupa ya asali mkononi, nikalia jikoni kama mtoto.

Siitumi hiyo asali. Haipiti kooni mwangu na haitapita kwako.

Nitakuambia nitakalofanya, ili usije ukasema nilikuzunguka. Jumapili nitasimama niseme nimewagawia watu ugonjwa. Hilo langu nalibeba, ulinikataza na nikagawa. Lakini wakiniuliza kama ulijua, sitasema hapana. Nikinyamaza watanielewa, na uso wangu unaujua, hauna pazia.

Ukitaka kusema mwenyewe, andika nisome. Isipofika barua, nitasema langu na nitanyamaza kwa lako.

Bado ni wifi yako. Ndiyo maana nina hasira hivi.

Bogna

*

Szczawnica, 2 Aprili 1987

Bogna, hii anakuletea Bi Zyta wa chumba cha pili, anarudi Tarnów leo. Isome yote. Usiruke mstari kunihurumia. L.

Kwa wanachama wote wa bustani zetu,

Mimi Leokadia Wrona, mwenye bustani namba 37, naandika haya kwa akili zangu. Karanti zangu nyeusi zina utitiri. Niliona matumba ya kwanza Machi 1985. Sikutoa taarifa na sikung'oa. Niliyachuma kwa siri misimu miwili na kuyachoma kwenye jiko la nyumbani, na nikipita mbele ya vibanda vyenu nilikuwa nawasalimu kama kawaida.

Wifi yangu Bogna hakujua chochote. Nilimwambia achome matawi na sikumwambia sababu. Aligawa kwa sababu aliona haya kuwa na ndugu mchoyo. Msimlaumu kwa kuwa na roho ambayo mimi sina.

Ng'oeni miche yote aliyowapa, na mkague vichaka vyenu vya zamani, tawi kwa tawi. Fanyeni hivyo wiki hii, kabla ya maua, maana maua yakifunguka wadudu huhama. Chomeni na mizizi. Mahali hapo msipande karanti miaka kadhaa. Vyangu vinane ving'olewe vya kwanza.

Mzee Eustachy, wewe uling'oa vya Kunegunda. Nimejaribu kukuandikia sentensi moja tangu alfajiri na sijaipata.

Leokadia Wrona

*

Tarnów, 6 Aprili 1987

Wifi,

Ilifika Ijumaa. Niliisoma jana nimesimama, mbele ya watu arobaini. Sikuruka mstari. Pale kwa Kunegunda nilikunywa maji, nikaendelea.

Nilimaliza. Halafu wote wakasema pamoja. Bi Stasia wa namba 12 alipiga meza akasema alikuwa anakuombea kila Jumapili, na sasa anataka sala zake zirudi. Mwingine akauliza, "Na salamu tulizompelekea je?" Nikasema salamu zilifika. Bwana Halemba akafungua kitabu chake, na kwa kweli hakukuwa na haja, anakijua kwa moyo. Akasoma kifungu. Akasema, "Sina chuki na mgonjwa, lakini kanuni ni kanuni. Anayetaka bustani namba 37 irudi kwa chama anyooshe mkono."

Mikono ilipanda, Leokadia. Sitakudanganya. Nilihesabu mpaka kumi na saba na ilikuwa bado inapanda. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu.

Ndipo Mzee Eustachy akasimama. Alikuwa amekaa nyuma muda wote, kofia magotini. Nilidhani anakuja kummalizia kazi Halemba. Akasema hivi, nakuandikia neno kwa neno kwa sababu niliyaandika nyuma ya bahasha yako:

"Shusheni mikono. Mkimnyang'anya bustani atabaki huko milimani akinywa maji yake ya chumvi, na mimi nitabaki hapa na mashimo sita. Mnadhani hiyo ni adhabu? Mtakuwa mmemrahisishia. Barua kila mtu anaweza kuandika. Mimi nataka arudi. Nataka asimame pale kwenye mashimo ya Kunegunda aniambie usoni alichoandika hapo. Sasa mkichukua bustani yake, atakuja kwangu kwa sababu gani?"

Halemba akasema, "Mzee, hilo halimo kwenye kanuni." Akajibiwa, "Basi liandike."

Wakashusha mikono. Si wote, ila wengi. Bustani ni yako, kwa onyo la maandishi ambalo liko kwangu.

Mchana tulichimba wote. Nilianza na vya kaka, kama ulivyosema. Mizizi yake ilikuwa imeingia chini ya uzio mpaka upande wa pili, tulikata kwa shoka. Sikulia, nilikuwa na kazi. Tulichomea uwanjani, moto mmoja kwa watu wote kumi na wawili. Nilitaka kumsaidia mzee kung'oa vya kwake, akaninyang'anya sepetu, si kwa ukali, na akavitoa mwenyewe. Vibao vyake navyo alivitupa motoni. Hakuzungumza na mimi tena siku ile, na leo nimempigia hodi hakufungua.

Sijui kama amekusamehe. Nadhani hapana. Sidhani kama hata mimi nimemaliza.

Bogna

*

Szczawnica, 22 Aprili 1987

Wifi yangu Bogna,

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Pasaka nilikaa mezani na wagonjwa wenzangu, wakapitisha yai, kila mtu akala kipande chake, tukatakiana heri, na mimi nikawa nawaza watu arobaini na mikono yao juu.

Nilipokuandikia uisome, nilidhani nimefanya jambo kubwa. Nilijisikia mwepesi siku mbili nzima, nikala hata maharagwe yao. Mzee ameona mbali kuliko mimi. Nilikuwa nimepanga moyoni nisirudi, Bogna. Si kufa, usishtuke, kifua kimekauka na daktari ananiruhusu kutoka. Nilikuwa nimepanga kwenda kwa binamu yangu Rzeszów, nikae huko, na bustani wewe ungeiendesha, na mimi nisingeonana na mtu yeyote tena kando ya ule uzio. Nilikuwa nimeshamwandikia binamu. Leo nimemwandikia nyingine.

Naogopa. Kifua kilipokuwa kinatoa damu sikuogopa hivi.

Basi langu linafika Jumamosi tarehe 2 Mei, saa tano na nusu asubuhi. Usije kunipokea na usinipikie, nitakwenda moja kwa moja bustanini na mkoba wangu. Mwambie Mzee Eustachy asiyafukie yale mashimo mpaka nifike.

Leokadia